Urefu wa Mtu Aliyeketi

Uthiru
6 Machi 2006

Kwa mwenye duka la paipu, River Road

Sikujui na wewe hunijui. Barua hii inaletwa na Dalmas, mpangaji wangu. Anafanya kazi kwa ile matbaa iliyo mkabala na duka lako, na ndiye ameniambia unauza paipu za plastiki. Ningepiga simu, lakini simu haichori picha. Picha nimeichora nyuma ya karatasi hii, geuza uone.

Nataka paipu nane, zile pana za inchi nne, kila moja mita tatu. Juu ya kila paipu toboa mashimo kumi na tano, upana wa mdomo wa kikombe cha chai, upande mmoja tu. Nataka pia vifuniko vya kuziba ncha, na gundi. Zote ziwe mpya na safi, kwa sababu kitakachopita ndani ni cha kuliwa.

Mwambie Dalmas bei, ataleta. Mambo mengine usimwulize, nimemwambia afunge mdomo.

W. Njuguna


River Road
8 Machi 2006

Mzee Njuguna,

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, kisha nikampa mama yangu naye aisome. Asili yetu ni Lamu, lakini marehemu baba alifungua duka hili kabla sijazaliwa, na tangu afariki mwaka juzi naliendesha mimi. Miaka yote hiyo watu huja hapa kutafuta mabomba yasiyovuja. Wewe ni wa kwanza kutaka bomba lenye matundu kumi na matano. Uniwie radhi nikiuliza: ni ya nini?

Na picha yako, mzee wangu, ina kasoro. Meza ya kuwekea mabomba umeipa kimo cha sentimita sabini. Mtu mzima akifanya kazi hapo atavunjika mgongo kwa kuinama. Nashauri iwe mita moja.

Dalmas nimemdadisi kidogo. Amecheka tu.

Wako,
Ridhaa Athman


Uthiru
11 Machi 2006

Bwana Ridhaa,

Sabini ni sabini. Usiongeze hata moja.

Paipu ni za kupanda mboga, na usicheke. Kuna mwalimu wa kilimo huku Kabete alikuja kutuonyesha kanisani. Udongo hutumii. Unaweka mche kwa kikombe cha plastiki kilichotobolewa, unaushikisha na kokoto nyepesi, halafu kikombe kinakaa kwa shimo la paipu. Maji yenye chumvi ya mimea, ndiyo mbolea yake, yanatoka kwa pipa lililoinuliwa, yanapita ndani ya paipu polepole, mizizi inakunywa, na yanayobaki yanaingia ndoo upande wa chini. Juu nimejengewa banda la karatasi ya plastiki, ndege na mvua ya mawe wasiniharibie. Mboga nazijua. Nimeuza sukuma wiki soko la Kangemi miaka ishirini na sita. Sina paipu tu.

Nina haraka. Mwisho wa Agosti kuna mtu anakuja kuniamulia mambo yangu, na nataka akifika akute kitu cha kuangalia.

W. Njuguna


River Road
20 Machi 2006

Mzee wangu,

Uniwie radhi kwa kuchelewa. Mabomba ya inchi nne yaliadimika mjini wiki hizi mbili, lakini nimeyapata mahali, mazuri, mazito kuliko ya kawaida. Nimeyakata na kuyatoboa mwenyewe, kisha nikayaosha kwa sabuni mpaka yakang'aa. Dalmas amepata gari la kuyafikisha kwako leo jioni.

Mama yangu, Bi. Mabruka, anaishi juu ya duka, ghorofa ya tatu, na hajagusa mche tangu atoke Lamu akiwa mwari. Tangu asome barua yako ya pili, kila asubuhi nikimpelekea chai ananiuliza, "Mzee wa Uthiru keshapanda?" Tafadhali utuandikie.

Huyo mtu wa Agosti sitakuuliza ni nani, kwa kuwa si adabu. Ila nataraji atakuja kwa kheri.

Ridhaa Athman


Uthiru
Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili 2006

Bwana Ridhaa,

Mwambie mama yako nimepanda. Spinachi safu nne, sukuma safu nne. Miche mia moja na ishirini, na yote imesimama.

Sikujua itakuwa hivi. Maji yanapita ndani na unayasikia, kama mtu anamwaga chai pole pole chumba cha pili. Kwa banda kuna joto, na harufu ya majani inakuja kabla hujafungua mlango. Jana baada ya kanisa watu walikuja kunisalimia wakanikuta humo, na hakuna aliyeniuliza naendelea aje. Waliuliza mboga inaendelea aje. Miezi mingi sijaulizwa swali kama hilo.

Kitu kimoja tu sipendi. Maji yakijaa kwa ndoo ya chini lazima yarudishwe kwa pipa la juu, na ni Dalmas anayefanya hiyo kazi, asubuhi na jioni. Yeye halalamiki. Ninayelalamika ni mimi.

W. Njuguna


Uthiru
3 Mei 2006

Bwana Ridhaa,

Mboga zimekufa.

Zilianza wiki mbili sasa, siku mbili tu baada ya kukuandikia. Majani ya chini yaligeuka manjano. Nikafikiri chumvi ni kidogo, nikaongeza. Halafu nikafikiri imezidi, nikapunguza. Jumamosi nilivuta mche mmoja nikaona mizizi imekuwa nyeusi kama majani ya chai. Leo zimebaki spinachi tisa.

Sasa nitakuambia, kwa sababu kuficha hakuna maana tena. Mimi si mzee. Mimi ni mama, jina langu Wanjira. Njuguna alikuwa bwanangu, alipumzika mwaka wa tisini na nane. Nilikuacha uniite mzee kwa sababu mwanamke akiagiza paipu anaulizwa bwana yake yuko wapi, na nimechoka kujibu.

Hiyo sabini uliyosema ni kasoro ndiyo urefu wa mtu aliyeketi. Novemba mwaka jana nilikatwa mguu wa kushoto, juu ya goti. Ni ugonjwa wa sukari. Natumia kiti cha magurudumu. Shamba langu liko hapo nyuma, robo ekari, nalitazama kwa dirisha likiota magugu, kwa sababu kiti hakipiti kwa udongo na jembe halishikiki mtu akiwa amekaa. Nikaona kama mimi siwezi kwenda chini kwa mboga, mboga zije juu kwangu.

Mtu wa Agosti ni Norman, mtoto wangu, na ninaye huyo mmoja. Anafanya kazi ofisini mjini, anakaa Kileleshwa, ghorofa ya nne. Anataka nihamie kwake na hapa pakodishwe. Ni mtoto mzuri. Lakini ghorofa ya nne bila lifti, mimi nitashuka lini? Tulipatana anipe mpaka Agosti. Akiona naweza kujifanyia kazi yangu, ataniacha kwa boma langu.

Basi nimeshindwa hata Agosti haijafika. Jumapili hii Norman anakuja kula. Nitazichuma hizo tisa nimpikie, aone angalau zilitoka, halafu nimwambie alete gari. Wewe hukunikosea kitu. Asante kwa paipu.

Wanjira Njuguna


River Road
4 Mei 2006, saa sita mchana

Mama Norman,

Usipike hizo spinachi. Usile jani hata moja, na wala usimpe kuku. Dalmas ameomba ruhusa kazini na anaondoka na barua hii sasa hivi. Ameniambia simu yako ni mbovu, la sivyo ningekwisha kukupigia.

Mabomba niliyokuuzia hayakuwa mapya. Yalipoadimika mjini, nilipata habari ya karakana ya betri za magari iliyokuwa ikifungwa, huko nyuma ya gereji. Walikuwa wameng'oa mabomba ya maji machafu. Nikayanunua. Ndani yake yalikuwa yakipita maji ya tindikali na madini ya risasi kwa miaka sijui mingapi. Madini hayo ni sumu kwa mmea na kwa mtu. Niliyasugua kwa sabuni, nikajiambia basi yametosha.

Barua yako ya kwanza ilisema yawe mapya na safi, kwa sababu kitakachopita ndani ni cha kuliwa. Maneno hayo niliyasoma. Nikajiambia mzee wa Uthiru ana mchezo wake wa kupitishia wakati, na mchezo hauna madhara. Mboga zilipostawi nilifurahi kuliko wewe, kwa kuwa nilidhani nimesalimika.

Jana Dalmas aliponipa barua yako niliifungua usiku uleule, na nilipofika pale uliposema sikukukosea kitu sikuweza kuendelea. Nilipaswa kukimbia kwako papo hapo. Nimekaa mpaka sasa nikitafuta namna ya kuandika ambayo haitanionyesha nilivyo. Haipo.

Ng'oa kila kitu. Maji ya ndoo usiyamwage shambani, yafunike, nitayaondoa mimi. Unawe mikono kwa sabuni.

Ridhaa Athman


Uthiru
8 Mei 2006

Ridhaa,

Leo sina "bwana" ya kukupa.

Jana tulikula viazi. Norman nilimwonyesha barua yako. Alisimama akasema twende polisi, halafu akasema hapana, tupange vitu, unahama leo. Nimemwambia ngoja. Kuna jibu nalitaka kwanza.

Lakini kabla ya hilo, nataka ujue ni nini kimeniuma. Paipu ni paipu, unaweza kununua zingine. Wiki mbili nzima nilikuwa nikiketi humo kwa banda nikiangalia mikono yangu. Mguu walichukua, nikasema sawa, mikono iko. Halafu mboga zikaanza kufa mikononi mwangu, nikafikiri hata hii imesahau kazi. Nililia, Ridhaa. Sikulia hospitali, nikalia kwa banda, kwa sababu ya mikono ambayo haikuwa na makosa. Na wewe ulikuwa unajua zilikotoka hizo paipu.

Swali langu ni hili. Umemuuzia nani mwingine?

Wanjira Njuguna


River Road
11 Mei 2006

Mama Norman,

Niliwauzia watu wawili zaidi. Mmoja ni fundi aliyeyachimbia kama nguzo za kibanda chake. Nimemlipia mbao, ameyang'oa.

Wa pili ni familia ya Kinoo. Waliyakata katikati wakayafanya mifereji ya paa, maji ya mvua yaingie kwenye tangi la kunywa. Uliponiuliza swali lako nilikuwa sijamfikiria mtu huyo hata mara moja. Nilifunga duka nikaenda na fundi wangu, Sifuna. Tuliyashusha yote, tukamwaga tangi, tukaweka mapya. Watoto wao watatu niliwapeleka hospitali wakapimwa damu, na jana majibu yamerudi: wako salama. Mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifungia mlango. Sikumlaumu.

Mama yangu nimemweleza pia. Tangu siku hiyo hajaniuliza lolote nikimpelekea chai.

Nina mabomba manane mapya kutoka kiwandani, yamefungwa kwa nailoni yake. Meza, vikombe na kokoto vyote vibadilishwe, nami nitavileta. Siombi unisamehe, nitakuwa nimeomba mapema mno. Naomba unifungulie lango niifanye kazi niliyopaswa kuifanya mwezi wa Machi.

Ridhaa


Uthiru
14 Mei 2006

Ridhaa,

Njoo Jumamosi saa nne asubuhi. Norman atakuwepo na utamwambia kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Atakufokea, nawe utasimama hapo umsikize.

Lete drili. Huruma wacha huko River Road.

Mama yako aje pia. Yeye hajanikosea.

Wanjira


River Road
23 Mei 2006

Kwa Bi. Wanjira, mpenzi wangu,

Leo naandika mimi, Mabruka. Huyu mwanangu nimemwambia akae kando.

Tangu Jumamosi sina mazungumzo mengine. Nimewachosha majirani kwa habari za Uthiru. Nilipokushika mkono pale langoni nilikuwa nimejifunza maneno mengi ya kuomba radhi, nawe ukaniambia, "Mama, kuja uone pahali nitaweka nyanya," maneno yangu yote yakapotea. Ahsante kwa hilo.

Sasa sikiliza. Wakati vijana wetu wanafokeana huko nje, mie nilikuwa naitazama ile ndoo. Ilinikera. Mtu umejipandia mboga zako mwenyewe, kisha umngoje mwanamume arudi kutoka kazini ndipo zinywe maji! Nimemwagiza Ridhaa atafute ile pampu ya mkono wanayotolea mafuta kwenye mapipa. Ameleta mpya, ndani ya boksi lake. Nimelifungua mwenyewe, nikainusa ndani na nje, nikaitia maji nikayanusa na hayo. Ni safi. Sifuna atakuja kuifunga pembeni ya meza, pale mkono wako unapofika. Utazungusha kipini hali umekaa, na maji yatapanda.

Na jambo jingine, uniwie radhi nikiingilia. Nilimtazama mwanao Norman mchana kutwa. Alishika mabomba, alishika nyundo, alifanya kazi kuliko Ridhaa. Lakini akisema nawe, macho huyatupa ukutani. Kiti chako hakitazami kabisa. Wewe wadhani amekasirika. Mie nimezaa wanne, na nakwambia yule hana hasira. Ana kitu kimemkaa kifuani. Usimngoje aseme. Muulize.

Wako akupendaye,
Mabruka


Uthiru
29 Agosti 2006

Kwa Mama Mabruka na Ridhaa,

Nawaandikia nyinyi wawili pamoja, maana sina nguvu ya kueleza mara mbili.

Norman alikuja Jumapili, kama tulivyopatana. Alikuja na pikapu ya kukodi na dereva wake, mtu anaitwa Odero. Sitawadanganya, mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga mikoba miwili. Mboga ziko, zimejaa mpaka vikombe havionekani, lakini sikujua kama mtoto wangu ataona mboga au ataona kiti.

Nilimkaribisha kwa banda. Nikazungusha pampu, maji yakapanda, nikapita na kiti changu safu hadi safu nikichuma. Alisimama mlangoni. Nikamaliza safu nne, macho yake yako ukutani. Ndipo nikakumbuka maneno ya Mama Mabruka, nikamwuliza, "Norman, mbona huniangalii?"

Akasema, "Mama, ni mimi niliyetia sahihi."

Nikasema, "Sahihi gani?"

"Ya mguu. Ulikuwa huna fahamu. Daktari alinipa karatasi akasema niamue, na nikaamua peke yangu. Kila nikija hapa nakuona kwa dirisha ukiangalia shamba, najua ni mimi nilikufanyia hivyo. Nilitaka uje kwangu nikubebe, nikupikie, angalau nilipe."

Miezi tisa ameibeba hiyo. Nami miezi tisa nilifikiri anaona aibu kuwa na mama kilema.

Nikamwambia sogea hapa. Nikamwambia, "Ile karatasi niliiona kwa faili wiki hiyo hiyo nilipoamka. Niliona jina lako, nikaona ulivyoandika vibaya, herufi zimepinda. Nikamshukuru Mungu kwamba aliyetia sahihi ni mtu anayetaka niishi. Sikukuambia kwa sababu nilifikiri unajua." Alipiga magoti hapo kwa changarawe na suruali yake ya kanisa, akaweka kichwa kwa mapaja yangu, na tukakaa hivyo mpaka Odero akapiga honi.

Basi ikawa hivi. Pikapu ilikuwa imekodishwa siku nzima na haingerudi bure. Tulichuma tukapata gunia moja na nusu, Norman akapanda mbele na Odero, wakaenda nazo Kangemi. Marafiki wangu wa soko wananiambia alisimama kwa meza yangu ya zamani na shati lake jeupe, akiita wateja kwa Kiingereza, na mama wote wakaacha kazi kumtazama. Alirudi jioni na magunia matupu na sauti imekauka. Sasa anataka kuwekewa paipu mbili huko kwake, kwa baraza ya ghorofa ya nne. Ridhaa, hizo umfungie mita moja. Yeye anasimama.

Agizo lingine ni langu. Kliniki ya miguu nilikutana na Peres, mama wa Kawangware, alikatwa mwezi wa Juni na tangu siku hiyo hatoki nyumbani ila kwenda kliniki. Nilimtumia Dalmas na teksi jana wakamleta. Alikuwa amejifunika leso mpaka kichwani, hataki kusalimiwa. Nilimpa kipini cha pampu azungushe. Alizungusha, akasikia maji, akaniuliza hizi zinakomaa siku ngapi. Nikamwambia spinachi ni wiki sita. Akafunua kichwa akasema uwanja wake ni mdogo, paipu tatu zitatosha. Mpimie tatu. Nitakuja naye Ijumaa hapo dukani tuchague wenyewe, kwa hivyo panga vitu vyako, viti viwili vya magurudumu vipate pa kupita. Mama Mabruka, kama kushuka ngazi si shida, tukutane hapo chini.

Mikoba yangu nimeifungua leo asubuhi. Nguo zimerudi kabatini, na ile blanketi nzito nimeitandika kitandani, maana Agosti hii baridi bado haijaisha.

Wanjira